Magazeti ya Wales mtandaoni: huduma ya bure ya kuusoma mwaka 1917

Anayetaka kujua Wawelisi walivyoishi mwaka 1917, nani kaitwa vitani, kanisa lipi limefanya tamasha, malenga gani kashinda, hana haja ya nauli ya kwenda Aberystwyth, mji iliko Maktaba ya Taifa ya Wales. Maktaba hiyo imeweka kwenye newspapers.library.wales zaidi ya kurasa milioni moja za magazeti, kuanzia 1804 hadi 1919. Hulipi, wala hujisajili. Kwa historia ya watu wa kawaida, ni hazina kubwa, ila inataka mtu ajue kutafuta.

Kipimo kizuri ni Eisteddfod ya Taifa, tamasha kuu la ushairi na uimbaji, iliyofanyika mwaka huo Birkenhead, ng'ambo ya mto Mersey kutoka Liverpool. Tarehe 6 Septemba, Waziri Mkuu David Lloyd George akiwapo, mshindi wa kiti cha ushairi aliitwa kwa jina lake la shindano, Fleur-de-lis. Hakusimama mtu. Alikuwa Ellis Humphrey Evans, maarufu kama Hedd Wyn, mchungaji wa kondoo wa Trawsfynydd, aliyeuawa vitani Ubelgiji tarehe 31 Julai. Kiti kikafunikwa kitambaa cheusi.

Sasa andika “Birkenhead”, weka mwaka 1917, utafute. Nyingi ya habari utakazopata zitakuwa za Kiingereza, kwa sababu Wawelisi wenyewe huuita mji huo Penbedw. Na hapo ndipo wengi hukwama, maana Kiwelisi hugeuza herufi ya kwanza ya neno kufuatana na lililotangulia. “Mjini Penbedw” ni ym Mhenbedw. “Kwenda Penbedw” ni i Benbedw. Cadair, yaani kiti, huwa gadair baada ya y, ndiyo sababu kiti kile kinaitwa Y Gadair Ddu, Kiti Cheusi. Ni taabu ile ile ya mgeni anayetafuta “ndimi” kwenye kamusi yetu bila kujua kwamba aende “ulimi”. Usitegemee mashine ikufanyie kazi hiyo. Tafuta kila umbo peke yake: Penbedw, Mhenbedw, Benbedw, Phenbedw, kisha Trawsfynydd, Drawsfynydd, Nhrawsfynydd. Hedd Wyn ana nafuu, kwa kuwa H haigeuki. Lakini lifunge jina lote kwa alama za nukuu, la sivyo hedd, yaani amani, itakuletea mahubiri ya mwaka mzima.

Usijifungie kwenye tarehe ya tukio pia. Magazeti mengi ya Kiwelisi yalitoka mara moja kwa juma, kwa hiyo anza mwishoni mwa Agosti, habari za kifo zilipokuwa zinafika, uende hadi mwisho wa Septemba. Matangazo ya ndoa na vifo yana kundi lake kwenye vichujio, yapitie.

Udhaifu unaochosha zaidi ni maandishi yaliyosomwa na programu ya kutambua herufi. Wino ukififia, h huwa b, na rn huwa m. Makala nayo huweza kukatwa vipande inapohamia safu nyingine, kwa hiyo fungua ukurasa mzima na uamini picha kuliko maandishi. Ukitaka kutumia mashine ya kutafsiri, sahihisha kwanza maandishi hayo. Mashairi usiyapeleke huko kabisa. Awdl, aina ya shairi inayoshindaniwa kiti, imefungwa na cynghanedd: katika namna zake nyingi, konsonanti za ukwapi hujibiwa na zile zile katika utao. Mjuzi wa vina na mizani atafaidi zaidi akiusoma mshororo kwa sauti, hata kabla hajaelewa maana.

Kuna mapengo pia, na hili ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Si kila gazeti linafika 1919: Evening Express la Cardiff linaishia 1910, hivyo usilitafutie vita humo. Kwa kusini yenye viwanda na migodi, tumia The Cambria Daily Leader la Swansea, lililotoka kila siku na linaloifikia miaka ya vita. Kichujio cha lugha kiache wazi. Sensa ya 1911 ilihesabu takriban watu 977,000 wanaosema Kiwelisi, zaidi kidogo ya asilimia 43. Atakayesoma lugha moja tu atapoteza karibu nusu ya nchi.

Tovuti yenyewe iko kwa Kiwelisi na Kiingereza pekee, na kurasa zake pana zinasomeka vizuri zaidi kwenye kompyuta kuliko kwenye simu.

Kwa sauti za waliopinga vita, hamia tovuti ya majarida ya maktaba hiyo hiyo, journals.library.wales, utafute Y Deyrnas. Lilianza Oktoba 1916, mhariri wake akiwa Thomas Rees wa Bangor, na matoleo ya 1917 yanafaa kusomwa sambamba na magazeti ya mwezi ule ule.