Gari la kukodi Kisumu hadi Kampala: bei ya siku ni mwanzo tu

Bei ambayo wakodishaji wa Kisumu hutaja kwanza ni ya siku, tena ya gari linalozunguka Kenya pekee. Taja Kampala uone hesabu ikibadilika. Kwa watu wanne huduma hii bado inalipa, hasa mkitaka kusimama Jinja, mradi mkodishaji awe na karatasi tatu mkononi kabla hujamtumia amana.

Ya kwanza ni nakala ya logbuku (hati ya umiliki wa gari) pamoja na barua ya mwenye gari inayokuruhusu kulivusha, ikitaja jina lako, namba ya kitambulisho na tarehe za kwenda na kurudi. Hapa ndipo safari nyingi hukwamia mpakani Busia. Gari likiwa bado na mkopo, logbuku hubeba jina la benki pia, na barua ya mkodishaji peke yake haitoshi. Barua ya benki haipatikani Ijumaa jioni.

Ya pili ni Yellow Card, bima ya kuvuka mpaka ya jumuiya ya COMESA. Ya tatu, ambayo wengi huiruka, ni nyongeza ya bima kamili inayoifikisha Uganda. Yellow Card hulipa madhara uliyomfanyia mwingine na matibabu ya walio garini. Gari lenyewe halimo. Ukigonga lori la miwa karibu na Kakira bila nyongeza hiyo, bodi, taa na rejeta ni juu yako. Mkodishaji akikujibu "Yellow Card inatosha", tafuta mwingine.

Sasa pesa. Chukua mfano wa Toyota Fielder ya 1500cc kwa sh 4,500 kwa siku, siku nne: sh 18,000. Kisumu hadi Busia ni kama kilomita 115, Busia hadi Kampala kama 200. Kwenda na kurudi, weka 640 na 120 za mizunguko ya mjini: 760. Likiwa limejaa watu na kiyoyozi kinafanya kazi, hesabu kilomita 12 kwa lita, hata kama mkodishaji anaapa ni 16. Foleni ya kuingia Kampala hula mafuta gari likiwa limesimama. Kilomita hizo 760 ni lita 63 hivi. Kwa sh 180 kwa lita inafika sh 11,340. EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, hutangaza bei mpya kila tarehe 14, kwa hiyo piga hesabu upya ukisafiri katikati ya mwezi.

Soma kikomo cha kilomita. Mkataba wa kilomita 200 kwa siku unakupa 800, na safari hii inaingia kwa shida. Ongeza Entebbe, kama kilomita 80 kwenda na kurudi, umevuka kwa 40. Kwa sh 25 kila moja ni sh 1,000 zaidi. Barabara ya haraka ya Entebbe nayo hutoza gari dogo shilingi 5,000 za Uganda kila unapopita.

Jambo linalosahaulika ni traka, kifaa cha kufuatilia gari lilipo. Laini yake ya simu ikipoteza mtandao ng'ambo, ofisi huona gari limetoweka, na baadhi ya mifumo huweza kuzima injini kutoka mbali. Mwambie mkodishaji aandike kwenye mkataba kwamba ameruhusu gari livuke, na akupe namba inayopokelewa usiku.

Kitambulisho cha taifa kinatosha kwa Mkenya kuingia Uganda, ila beba cheti cha homa ya manjano. Chanjo hutambuliwa siku 10 baada ya kudungwa. Busia ni mpaka wa kituo kimoja, hivyo uhamiaji wa pande zote mbili humalizika jengo moja, upande wa nchi unayoingia. Foleni hasa ni ya forodha, ya kibali cha muda cha gari. Usimpe karatasi kijana wa nje anayejitolea "kuharakisha". Ukirudi, hakikisha kibali kimefungwa kwenye mfumo. Kikibaki wazi, mwenye gari atakutafuta wewe.

Kabla ya kuondoka Kisumu piga picha za gari pande zote, chini ya bampa pia kwa sababu ya matuta, kisha kagua jeki, spana, tairi la akiba na pembetatu mbili. Muda wa kurudisha usiweke Jumapili jioni. Malori yakijaa Busia unachelewa saa chache, na wakodishaji wengi huhesabu siku nzima.