Django au SQLAlchemy kwa daftari la maparachichi

Tuseme chama cha wakulima wa maparachichi Tukuyu kinataka huduma ndogo ya mtandaoni: wakulima, mizigo, malipo. Majedwali matatu tu kwenye hifadhidata ya PostgreSQL. Lugha ni Python, na SQL (lugha ya kuuliza hifadhidata) tunaiachia ORM, chombo kinachounganisha klasi za Python na majedwali na kutuandikia SQL hiyo. Ipi?

Django, mfumo wa kujengea tovuti uliotoka 2005, inakuja na vyombo vyake vyote, ORM ikiwemo. Unaandika klasi ya Mkulima, unaendesha amri ya makemigrations kisha migrate, jedwali lipo. Ukiisajili kwenye admin, sehemu yake ya usimamizi, karani anapata ukurasa wa kuingiza na kusahihisha taarifa, nawe hujaandika fomu hata moja. Kwa chama kisicho na fundi wa kudumu (na vingi havina), hilo peke yake linanitosha kuichagua.

SQLAlchemy, maktaba ya hifadhidata ya 2006, haikupi ukurasa huo. Utaifunga na Flask, mfumo mdogo wa tovuti, uongeze Alembic kwa mabadiliko ya majedwali. Inalipa pale ripoti zinapokuwa ngumu, au ukirithi hifadhidata ya zamani yenye majedwali yaliyopangwa ovyo. Maswali yake yanaandikika karibu kama SQL yenyewe.

Mtego mmoja uko kote kuwili. Orodhesha mizigo 200 ya wakulima 200 tofauti, kila mstari na jina la mwenyewe: usipoangalia, programu itakwenda kwenye hifadhidata mara 201, moja kwa orodha na moja kwa kila mkulima. Karani ataulaumu mtandao. Dawa ni kuleta mizigo na wakulima wake kwa pamoja: kwenye Django weka select_related. Kwenye SQLAlchemy, joinedload. Safari zote 201 zinabaki moja.