BRouter ikipimwa kwenye Bonde la Kerio: bure, makini, lakini haijui jua liko wapi

Kwa anayepanga kushuka ukuta mmoja wa Bonde la Kerio, Kenya, na kupanda wa pili siku hiyohiyo kwa baiskeli ya lami, BRouter-Web ndiyo programu ya kupangia njia ya kwanza tunayoipendekeza. Ni bure, haidai akaunti, inafunguka kwenye kivinjari, na ukiiuliza kwa nini imepita hapa badala ya pale, inakuonyesha. Ina kasoro zake, na mlimani kasoro hizo hulipwa kwa miguu.

Tuipime kwa Iten hadi Kabarnet na kurudi. Iten iko kwenye meta 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, daraja la Chebloch juu ya Mto Kerio ni kama meta 1,100, na Kabarnet inakaribia 2,000. Safari nzima ni kilometa 110 hivi, yenye mipando miwili: meta 900 kuingia Kabarnet, na meta 1,300 kurudi Iten kupitia Biretwo na Tambach.

Chagua wasifu (mpangilio wa aina ya safari) uitwao fastbike, bofya Iten, Chebloch, Kabarnet, kisha Chebloch na Iten tena. Mstari ukishatokea, usiupakue bado. Fungua jedwali la data na usome safu ya lebo za barabara. Palipoandikwa surface=asphalt, mchora ramani amethibitisha lami. Pasipo na neno surface, programu imekisia kwa daraja la barabara tu, na vijijini makisio hayo ndiyo yanayokuingiza kwenye murramu ukiwa na tairi za milimeta 25. Geuza ramani iwe picha za setilaiti, ukuze kipande hicho uone rangi yake. Ukikishuku, chora duara la marufuku juu yake, na njia itajipanga upya papo hapo. Duara hilo pekee linatosha kuifanya programu hii ipendwe.

Tahadhari kubwa ni mwinuko. Takwimu zake za huku kwetu zinatokana na vipimo vya rada vilivyochukuliwa kutoka angani Februari 2000, ambavyo hugawa ardhi katika miraba ya meta 90 hivi. Barabara iliyochongwa ubavuni mwa genge hujikuta kwenye mraba mmoja na kilele cha juu na shimo la chini, kwa hiyo chati huonyesha miruko ya asilimia 20 ambayo haipo. Kwenye kona za kupindana hali hugeuka: sehemu mbili za barabara huangukia mraba mmoja na mpando mkali ukaonekana tambarare. Jumla ya mpando huchujwa kupunguza makosa hayo, kwa hiyo inaaminika zaidi. Chati isome kwa vipande virefu tu. Kutoka Kerio hadi Iten ni meta 1,300 kwa kilometa 30 hivi, yaani wastani wa asilimia 4.3. Kwa kuwa sehemu ya chini ni ya taratibu, jiandae kwa asilimia 7 au 8 ukikaribia Tambach.

Hapo gia ndizo zitakazoamua. Meno 34 mbele na 32 nyuma, ukizungusha pedali mara 70 kwa dakika, hukupa kama kilometa 9.4 kwa saa. Ukiwa na 25 nyuma, mwendo huohuo wa pedali unadai kilometa 12 kwa saa, na wengi hawawezi kuushikilia kwa saa mbili. Watashuka kuzungusha 50, na magoti yatalalamika.

Jambo lisilokuwemo kabisa ndani ya programu ni jua. Ukuta wa Elgeyo, wenye Iten juu yake, unatazama mashariki; Milima ya Tugen, iliko Kabarnet, upande wa Kerio inatazama magharibi. Anza Iten saa 12:30 asubuhi na koti la upepo, ili uipande Tugen jua likiwa bado upande wa pili. Pumzika Kabarnet, ambako kuna baridi kiasi, joto la bondeni likipita nyuzi 30. Ondoka saa 8 mchana, uanze mpando wa Elgeyo saa 9, kivuli kikianza kuingia kwenye kona za juu. Msimu wa mvua mpango huu haufai, maana mchana huleta radi na lami telezi. Rudi mapema ukubali kuungua. Beba chupa mbili za mililita 750 na uzijaze Biretwo kabla ya kupanda. Kwenye mteremko, funga breki kwa nguvu kabla ya kona kisha uachie; ukizikokota muda wote, rimu hupata moto hadi tyubu ikapasuka.

Matuta ya barabarani na usalama pia hutavipata humo. Bonde la Kerio limeshuhudia wizi wa mifugo wa kutumia silaha, hasa kaskazini zaidi, kwa hiyo uliza polisi wa Iten hali ilivyo wiki hiyo.

Mtandao wa simu ukiwa wa wasiwasi, sakinisha BRouter kwenye simu ya Android pamoja na OsmAnd, programu ya ramani. Faili moja ya data za njia, E35_N0, inatosha kwa njia nzima, na ukipotea itapanga upya bila bando. Wenye saa au kompyuta ndogo ya baiskeli wapakue GPX, yaani faili la njia, kabla ya kulala.