Fundi alinifutia vita yangu: uzoefu wangu na Wooden Ships & Iron Men hapa Tanga

Nilitaka kuandika kuhusu mchezo tu, lakini kila nikianza namwona yule fundi wa kompyuta wa Ngamiani mbele yangu. Basi nitaandika vyote viwili. Duka silitaji jina. Wenyewe wakisoma watajijua.

Mchezo unaitwa Wooden Ships & Iron Men. Ulianza kama mchezo wa mezani miaka ya 1970, kazi ya S. Craig Taylor, halafu mwaka 1996 kampuni ya Avalon Hill wakautoa huu wa kompyuta. Ni vita vya baharini vya zama za Nelson, yule amiri wa Uingereza, na Napoleon: meli za mbao, matanga na mizinga. Picha zake ni za kizamani, na mtu aliyezoea michezo ya siku hizi atauona mkavu. Mimi niliupata kwa kaka yangu, kwenye CD, na nilikuwa tayari kuuacha siku ya pili.

Kilichonishika ni upepo. Katika mchezo huu meli haiendi unakotaka wewe, inakwenda upepo unakoiruhusu. Kule mezani kila mchezaji anaandika amri zake kwa siri, moja kwenda mbele, moja kugeuka kushoto, kisha meli zote zinasogea kwa pamoja, na hapo ndipo unagundua kama adui umemsoma au amekusoma. Ukikosea hesabu ya upepo unasimama katikati ya bahari, umempa mwenzio ubavu.

Nikamwita Mjomba. Mjomba wangu alikuwa nahodha wa jahazi, Tanga na Pemba, kusi na kaskazi, tangu mimi sijazaliwa. Sasa macho yamefunga ukungu, kioo cha kompyuta anakiona kama taa tu. Anakaa kwenye kiti chake barazani, mimi namsomea. "Upepo unatoka wapi?" Namwambia. "Yeye yuko wapi?" Namwambia. Anakaa kimya, kidole kinachora kwenye goti, halafu anatoa amri, nami naiandika kwenye daftari kabla ya kuiingiza kwenye mashine, maana anapenda nimrudishie alichosema raundi tatu nyuma.

Siku ya kwanza aligomba. "Meli gani hii haiwezi kubisha?" Kubisha ni kwenda zigizaga kuelekea upepo unakotoka. Nikamweleza kwamba matanga yake ni ya mraba, yamefungwa kwenye foromali, zile boriti zilizokingama mlingoti, si kama tanga la jahazi linalokwenda joshi likaukaribia upepo. Akafikiri. "Basi asiyekuwa joshini hapa amekwisha." Yaani asiye upande upepo unakotoka. Maneno matano, na ndiyo elimu nzima ya wale maamiri wa Uingereza. Mimi nilikuwa nimesoma kurasa na kurasa sijaipata.

Sasa sikilizeni. Jioni moja, katikati ya kusi, tulikuwa na pambano la meli mbili zetu dhidi ya tatu za Wafaransa. Tulilicheza zaidi ya wiki, raundi mbili tatu kila baada ya alasiri. Meli yetu moja ilikuwa imebaki na nusu ya mabaharia na matanga yameraruka. Lakini Mjomba alikuwa ameishikilia joshini muda wote, hataki kushuka, mimi namsihi tushambulie, yeye anasema bado. Halafu Mfaransa mkubwa akageuka vibaya, akatuonyesha tezi. Ukiipiga meli kwa nyuma, risasi za mizinga zinapita ndani kwa urefu wote, kutoka tezi hadi omo, hakuna ubao wa kuzizuia, na madhara yake katika kanuni za mchezo ni makubwa kuliko kupiga ubavuni. Mjomba akapiga mkono wa kiti: "Sasa!" Na hapo hapo ikaadhiniwa magharibi. Nikasevu. Tukaenda kusali tukiwa na ile risasi bado haijatoka.

Kesho yake tundu la chaji likalegea. Nikaipeleka kompyuta kwa fundi.

Nilimwambia kwa kinywa changu, tena mara mbili: kuna folda inaitwa MELI, usiiguse. Akasema sawa dada. Niliporudi jioni kompyuta inawaka vizuri, safi, na ndani hakuna kitu. Ameipiga window mpya. Kwa nini? "Ilikuwa nzito, nimekusaidia tu, sijakuchaji." Nikamuuliza folda yangu iko wapi. Akacheka, akamtazama mwenzake, akasema: "Ile ya vimeli? Dada, ule mchezo wa mumeo au wa mtoto?"

Nilisimama pale kaunta mikono inatetemeka. Nikamjibu ni wangu, na wa mjomba wangu. Akasema, "Si mchezo tu? Utaanza upya." Hakuinua hata macho, alikuwa anang'oa kioo cha simu ya mtu mwingine kwa kucha.

Mtu anaposema "si mchezo tu" kuhusu kitu cha mwenzake, anajua anachokisema? Yule mzee hatoki tena. Bandarini hafiki, jahazi lake liliuzwa, nahodha wenzake wengi ni marehemu. Kwa ile saa moja barazani alikuwa anaamrisha chombo. Nilitembea hadi nyumbani Chumbageni nikitafuta namna ya kumwambia.

Nikiwa na hasira zile niliamua niandike kwamba mchezo haufai. Kwamba ni wa kizamani, msumbufu, una mambo mengi ya kuingiza kwa meli moja tu kugeuka, na humo ndani hakuna jahazi wala mashua, bahari nzima ni ya Wazungu. Hilo la mwisho bado nalisema. Lakini hayo mengine nayafuta, maana usumbufu ule ule ndio uliomfanya Mjomba aone kuna kazi ya kufanya. Mchezo wa kubonyeza na kulipua angeukataa siku ya kwanza.

Na fundi? Haki niiseme: tundu la chaji alilitengeneza, halijalegea mpaka leo, na bei ilikuwa ya kawaida. Kazi ya mkono anaijua. Nilifikiri niishie hapo, nimsamehe. Halafu nakumbuka kile kicheko, nasema hapana, usimpelekee mashine yako. Au mpelekee, lakini toa kila kilicho chako kwanza, weka kwenye flashi, flashi iweke kwenye mkoba, mkoba ubaki nao.

Mjomba nilimwambia baada ya chakula. Hakusema kitu muda mrefu. Kisha akauliza, "Daftari lipo?" Lilikuwepo. Amri zote za wiki ile, raundi kwa raundi, kwa mwandiko wangu. Nikatafuta ile CD, nikaweka mchezo upya, nikafungua pambano lile lile, nikaanza kuingiza amri zile zile. Raundi ya nne upepo ukageuka, na mara ya kwanza haukuwa umegeuka. Mambo ya bahati humo ndani yanapigwa upya kila unapocheza. Amri za daftari hazikufaa tena. Mfaransa hakuja alikokuja. Nikafunga daftari, nikamwambia, Mjomba, si ileile.

Akavuta kiti karibu.

"Sasa unatoka wapi?"

"Kaskazini mashariki."

"Fungua ukurasa mpya."