La Traviata ya Salzburg 2005: tuwapime waimbaji, tulipime na jukwaa

Shikamooni wazee wangu, vijana hamjambo, na wa nyumbani Iringa, kamwene. Karibuni tena kwenye uchambuzi. Baridi ya leo haina utani, sweta halitoki mwilini, basi tuingie kazini.

Leo naweka pembeni albamu za kwaya. Nina hii hapa mkononi, DVD ya La traviata, opera (mchezo wa kuigiza unaoimbwa) ya mtunzi Giuseppe Verdi, iliyorekodiwa kwenye Tamasha la Salzburg, kule Austria, mwaka 2005, na kutolewa na Deutsche Grammophon. Violetta ni Anna Netrebko, Mrusi. Alfredo ni Rolando Villazón, kijana wa Mexico. Baba yake Alfredo, mzee Germont, ni Thomas Hampson wa Marekani. Okestra ni Vienna Philharmonic, anayeiongoza ni Carlo Rizzi. Aliyepanga jukwaa ni Willy Decker, na aliyesimamia kamera ni Brian Large. Siwezi kuwawekea kipande chake, maana nikiweka video yangu inafungiwa kesho yake. Itabidi mnisikilize kwa mdomo, halafu mkaitafute wenyewe.

Niseme mapema nimesimama wapi, ili mwenye haraka aondoke na kitu. Sauti ni nzuri, ya Netrebko ni nzuri sana. Lakini kilichoibeba kazi hii ni jukwaa. Decker ameondoa kila kitu ambacho mwimbaji angeweza kujificha nyuma yake. Ukishatoa mapazia, vinara vya mishumaa na viti vya dhahabu, mwimbaji anabaki na mwili wake na pumzi yake, na hapo ndipo unapojua nani anaimba na nani anatoa sauti tu.

Hadithi kwa kifupi. Violetta ni mwanamke wa Paris anayetunzwa na matajiri, na ana kifua kikuu. Alfredo anampenda kweli, wanahamia shamba kuishi pamoja. Mzee Germont anafika kumwomba amwache kijana wake, kwa sababu kuna binti nyumbani ana mchumba, na posa itavunjika kwa aibu ya kaka mtu. Violetta anakubali, anaondoka bila kumwambia Alfredo sababu. Alfredo anamdhalilisha kwa pesa mbele ya watu. Ukweli unakuja kujulikana wakati ugonjwa umeshammaliza. Ukiisimulia hii Kihesa au Mafinga, hakuna atakayeuliza mzee Germont ana shida gani. Tunao akina Germont wengi tu, tena wanakuja na mshenga.

Sasa jukwaa. Kuna ukuta mweupe uliopinda nusu duara, na benchi refu limeufuata huo ukuta kwa chini. Kuna saa kubwa ya mviringo, kubwa hasa. Kuna mzee amekaa kimya. Basi. Okestra inaanza utangulizi kwa fidla peke yake, juu, polepole. Ujue kwamba muziki huo utaurudia kuusikia mwanzo wa sehemu ya tatu, chumbani kwa mgonjwa. Verdi anatupigia muziki wa kufa kwake kabla hatujamwona akicheka. Na Decker amelisikia hilo, kwa sababu wakati fidla zinalia, Violetta anaingia na gauni jekundu, anapepesuka, anamwendea yule mzee. Yule mzee ni daktari Grenvil. Kwenye opera yenyewe Grenvil ni mtu wa mistari michache, waimbaji wengi hawamgombei. Hapa Decker amemweka jukwaani karibu muda wote, kimya, anatazama. Huhitaji kuambiwa yeye ni nani.

Watu wa kwaya, kaeni vizuri hapa. Kwaya yote imevaa suti nyeusi za kiume, wanawake kwa wanaume, huwezi kujua nani ni nani. Wanasogea kwa pamoja, wanamzingira mtu mmoja mwenye nguo nyekundu, na kuna wakati wanachungulia kutoka juu ya ule ukuta. Hawana shoo, hawana kunesa. Nikikumbuka video zetu, mashamba ya chai ya Mufindi nyuma, sare zinabadilika mara nne ndani ya wimbo mmoja, na bado hujui wimbo unasema nini! Hawa wana sare moja, na sare hiyo inafanya kazi: inamwonyesha Violetta kuwa ni mali ya kundi la watu wasio na sura. Kwenye tafrija ya pili ile saa inalazwa inakuwa meza ya kamari. Ule muda wake wenyewe ndio wanaouchezea. Hilo sikulielewa mara moja, lakini nilipolielewa nilisimamisha deki nikanyamaza kidogo.

Kuna watu wanachukia mambo haya. Wanasema opera ya zamani ivalishwe nguo za zamani. Sawa, lakini tuulize Verdi alitaka nini. La traviata ilionyeshwa mara ya kwanza Venice, kwenye jumba la La Fenice, tarehe 6 Machi 1853, na Verdi alitaka waimbaji wavae nguo za wakati huohuo, kama watazamaji wao. Wakamkatalia, hadithi ikarudishwa nyuma hadi miaka ya 1700 hivi. Usiku ule haukwenda vizuri. Soprano (sauti ya juu ya kike) aliyeimba Violetta, Fanny Salvini-Donatelli, alikuwa mama mnene mwenye afya zake, na watu walimcheka alipokuwa anakufa kwa kifua kikuu. Kwa hiyo anayesema suti na gauni fupi vinamkosea heshima Verdi, asome kwanza.

Tuje kwa waimbaji, na hapa nina onyo. Waimbaji wa opera hawatumii maiki ukumbini. Wanapita juu ya okestra nzima kwa mafunzo tu: koo na mdomo vinapangwa ili sauti ipate nguvu ya ziada kwenye mawimbi ya karibu 3,000 kwa sekunde, mahali ambapo okestra inapungua nguvu na sikio la binadamu ni jepesi. Sasa kwenye DVD maiki zipo, na fundi sauti ameshasawazisha kila kitu. Hivyo ukubwa wa sauti usiuhukumu kabisa kutoka kwenye rekodi. Mtu akikuambia "huyu ana sauti kubwa kuliko yule" na amewaona kwenye TV tu, mpe chai mbadilishe mazungumzo. Unachoweza kupima ni pumzi, usahihi wa nota, matamshi, rangi ya sauti, na kama mwimbaji anamsikiliza mwenzake wakati zamu si yake.

Netrebko. Sauti yake ni pana, ya joto, ina giza kidogo chini, si ile soprano nyembamba ya filimbi. Wanasema Violetta anahitaji sauti tatu: nyepesi ya kukimbia sehemu ya kwanza, ya kuimba kwa upole sehemu ya pili, nzito yenye machozi sehemu ya tatu. Kwenye zile mbio za "Sempre libera", wimbo wake wa kufunga sehemu ya kwanza, mimi nasikia nota zinapakana, hazisimami moja moja. Walimu wa sol-fa mtalisikia. Ila anachokifanya kwa mwili pale kinakufanya usamehe, kwa sababu furaha yake ni ya mtu anayejilazimisha, na kwa gauni lile na jukwaa tupu hana pa kuificha. Na ile nota ya juu sana ambayo masoprano wengi huiongeza mwishoni mwa wimbo ule, Verdi hakuiandika. Msimpunguzie wala kumwongezea mtu alama kwa ajili ya hiyo.

Pale anapowashinda wengi ni sehemu ya pili, mazungumzo na mzee Germont. Nimeyarudia mara nyingi. Germont ameingia akiwa na dharau. Violetta anajibu kwa adabu. Mzee anaomba, anabana, anamtaja binti yake. Halafu inafika "Dite alla giovine", anapokubali. Netrebko anaishusha sauti hadi karibu nusu, na haikauki. Vijana wetu wakiambiwa waimbe polepole na chini, pumzi inakatika katikati ya mstari, nota inashuka, sauti ya kwanza inavuta wengine wote. Huyu anashusha sauti na nota inabaki palepale, kwa sababu tumbo bado linafanya kazi ileile. Mtazame mbavu wakati huo, usimtazame uso. Dakika chache baadaye anamwimbia Alfredo "Amami, Alfredo", mstari mfupi tu, okestra yote inafunguka chini yake, na sauti iliyokuwa ndogo inajaa. Ile tofauti ya vipimo viwili ndiyo mafunzo.

Villazón anaimba kama mtu asiye na kesho. Ni teno mwenye joto, maneno yake yanasikika, na anapocheza na Violetta mwanzo wa sehemu ya pili, na majoho ya maua, wakifukuzana kati ya makochi ya maua, unaamini wanapendana. Kwenye maandishi ya Piave, aliyetunga maneno ya opera hii, wimbo wa Alfredo wa pale mwanzo wa sehemu ya pili anauimba akiwa peke yake. Decker amemweka Violetta palepale, na wimbo wa furaha ya mtu mmoja unageuka mchezo wa wapenzi. Ni uamuzi mzuri. Shaka yangu ni kwamba anasukuma. Nota za juu anazifuata kwa nguvu nyingi kuliko inavyohitajika, shingo inaonekana. Mwaka 2009 alifanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye nyuzi za sauti. Sisemi kimoja kilileta kingine, mimi si daktari. Nasema ukiwa mwalimu wa teno kijana, usimwonyeshe DVD hii ukamwambia aige kila kitu.

Hampson ndiye wa kubishaniwa. Ni mrefu, amesimama wima, kila neno limepimwa. Kuna wanaosema sauti yake haina unono wa baritoni wa Verdi, na kwenye "Di Provenza", wimbo wake wa kumbembeleza Alfredo arudi nyumbani, ni kweli nilitamani mafuta zaidi. Lakini mzee wa heshima anayekuja kuvunja nyumba ya mtu kwa adabu, bila kupaza sauti, huyo ndiye. Ubaridi wake unamsaidia.

Kamera sasa. Hapa ndipo naipunguzia alama. Ukumbi mkubwa wa Salzburg una jukwaa miongoni mwa mapana kabisa duniani, na Decker ameutumia upana huo: Violetta upande huu, daktari upande ule, utupu katikati. Kamera inapomvuta Netrebko hadi uso unajaa kioo, ule utupu unapotea, na daktari anapotea nao. Tena uigizaji uliopimwa kwa mtu wa kiti cha nyuma kabisa ukiutazama kwa karibu namna ile unazidi. Nyusi za Villazón peke yake zinacheza opera yao! Ukumbini wala usingeziona. Kwa hiyo usimhukumu kwamba anazidisha, mhukumu aliyechagua picha.

Ushauri kwa atakayeitafuta. Usiitazame kwa simu, saa na daktari vitakuwa nukta. Kompyuta na hedifoni zinatosha, au TV yenye spika nje. Ni zaidi ya saa mbili, na ina sehemu tatu, kwa hiyo mnaweza kuigawa jioni mbili. Maandishi ya chini ya Kiingereza yapo, ya Kiswahili hakuna, basi msomee familia hadithi kwanza. Wazee waliolelewa na mapadre Waitaliano wa Consolata pale Tosamaganga watadaka neno hapa na pale. Watoto wadogo wapeleke kulala kabla ya tafrija ya pili, ile ya pesa, maana Alfredo anavyomfanyia mwanamke yule na zile noti si jambo la kueleza mezani. Na walimu wa kwaya, zimeni sauti kwa muda mtazame kwaya tu inavyosogea, kisha mrudishe sauti mfumbe macho. Mtashangaa mnavyobadilisha alama.

Alama zangu: jukwaa tisa kwa kumi, Netrebko tisa, Villazón nane, Hampson saba na nusu, kwaya tisa, kamera sita. Ukiwa na nafasi ya kununua opera moja tu kwa ajili ya kufundishia, chukua hii.

Na mpangilio huuhuu wa Decker ulipelekwa Metropolitan Opera ya New York, ukafunguliwa tarehe 31 Desemba 2010 na Marina Poplavskaya, na mwaka 2012 ukarushwa kwenye majumba ya sinema ukiwa na Natalie Dessay, Mfaransa mwembamba mwenye sauti nyepesi kuliko ya Netrebko. Ukuta uleule, saa ileile, gauni jekundu lilelile, mwili mwingine kabisa ndani yake. Nikiipata hiyo ya Dessay nitaiweka kando ya hii, tuanze na pale Violetta anapoingia mara ya kwanza akipepesuka, tuone nani anafika kwa daktari vizuri zaidi.