Mafunzo ya shabaha kwa walinzi, Kampala

Kwa sisi walinzi wa usiku, mafunzo haya yanastahili ada yake. Mkufunzi, afande mstaafu, hagawi risasi kabla hajaona kitako cha bunduki kimekaa wapi: kwenye kibonde kati ya mtulinga na kiungo cha bega, si juu ya mfupa wala kwenye mkono. Ukiacha mwanya, bunduki inakupiga kama nyundo; ukikivuta kitako kikashikana na bega, msukumo unapokewa na mwili mzima. Shavu lilale juu ya kitako, kifua kiinamie mbele kidogo. Alinisogezea kitako taratibu mpaka mtutu ukatulia. Uwanja hauna kivuli, sawa, tunavumilia. Lakini vizibo vya masikio havitoshi watu wote, na hilo lirekebishwe mara moja.