Google Docs kwa kazi za vikundi katika elimu ya masafa
Kwa wanafunzi wa elimu ya masafa wanaoandika kazi moja wakiwa mbalimbali, Google Docs, programu ya kuandikia nyaraka mtandaoni iliyoanza mwaka 2006, inaondoa usumbufu wa kutumiana nakala kwa barua pepe hadi asijulikane mwenye toleo la mwisho. Kila mmoja huona kishale cha mwenzake, chenye jina na rangi yake, kikisogea ndani ya aya, na anayesita kufuta sentensi ya mwingine huweka pendekezo likasubiri kukubaliwa. Ninachokithamini zaidi ni historia ya matoleo, kwani huonyesha nani aliandika nini na lini, jambo linalowaumbua wategeaji (na ni nadra kikundi kuwakosa). Mijadala mirefu kwenye maoni ya pembeni, hata hivyo, huchosha. Hiyo ifanyieni kikao cha sauti.